Ajenda ya Pili: Jina la Shule

Mwaka 2003 shule yetu ilikuwa imefurika. Ada ilishafutwa, MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, na wazazi waliokuwa wamewaacha watoto machungani waliwaleta wote kwa mpigo, wengine wakiwa wameanza kuota ndevu. Halmashauri ikaamua shule igawanywe. Madarasa mapya ya ng'ambo ya uwanja yawe shule inayojitegemea, yenye mwalimu mkuu wake, rejista yake na muhuri wake. Muhuri unahitaji jina, ndiyo maana ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mimi, mwalimu mgeni mwenye mwandiko unaosomeka, nikapewa daftari niandike muhtasari.

Ilikuwa Shinyanga, mwezi wa jua kali, watu wamejibana kivulini. Ajenda ya kwanza kufungua mkutano, ya pili jina la shule, ya tatu vyoo. Mtendaji wa kijiji alikuja na pendekezo lake mfukoni, jina la mheshimiwa mmoja wa ngazi za juu. Tukimpa heshima hiyo, alisema, huenda naye akatukumbuka kwa madawati. Sikuiona hoja ya kijinga. Watoto wetu walikuwa wanakaa chini.

Bibi mmoja akanyoosha mkono, akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Mtendaji, huyo mheshimiwa alimfundisha nani hapa?"

Kicheko kikalipuka. Bibi akangoja kiishe, kisha akataja jina la mzee aliyekuwa nyuma kabisa, ameegemea baiskeli yake. Jina hilo sitaliandika, wenyeji wanalijua.

Kuanzia hapo kalamu yangu haikupumzika. Wazee walipokezana kusimulia, kila mmoja akimsahihisha aliyemtangulia. Nikajua kwamba kijiji chenyewe kilizaliwa na Operesheni ya 1974, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, watu wakashushwa kwenye malori na vyungu vyao na milango yao, wakaambiwa jengeni hapa. Novemba ya mwaka huohuo TANU, chama tawala cha wakati huo, ikakaa Musoma, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote isingoje 1989, iwe imepatikana kufikia 1977. Nyumba zenyewe hazijaezekwa, na tayari shule inatakiwa. Walimu watoke wapi?

Walitoka darasa la saba. Vijana waliomaliza shule ya msingi walichukuliwa, wakafundisha nusu siku, na nusu iliyobaki wakafundishwa wao, kwa mwalimu mlezi, kwa vijitabu vya posta na kwa vipindi vya redio. Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, ambao wajuzi wa mjini waliwatania kuwa ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzee wa baiskeli alikuwa mmoja wao. Redio ilikuwa ya kijiji, na betri zikiisha hazikutupwa. Alizipasua, akatoa ule mkaa wa ndani, akautwanga na majani ya viazi mpaka ukawa uji mweusi, akapaka ubao. Mzee mmoja alituonyesha kwa viganja jinsi walivyokuwa wakipaka, kwa kitambaa, kutoka juu kwenda chini, na jinsi mikono ilivyobaki myeusi hadi Jumapili.

Mratibu elimu kata akaomba nafasi. Alikuwa mpole, ila alikuja amejiandaa. Alisema mwalimu huyo amestaafu akiwa Daraja la C, lile la chini la ualimu, hajawahi kuwa mwalimu mkuu hata kwa kukaimu, na katika orodha ya viongozi wa shule iliyobandikwa ofisini hayumo. Watu wa wilayani watauliza.

"Hao wakuu walikuwa wanahama," bibi akamjibu akiwa ameketi. "Wengine hata mavuno hawakuyaona hapa. Mimi nilikuwa mama wa watoto wanne sijui hata moja. Alinifundisha jioni kwenye kisomo, mwanangu mgongoni. Mwaka uliofuata nilipeleka pamba, nikausoma mzani mwenyewe. Karani akanitazama, akafuta alichoandika, akaandika upya."

Hapo hata mratibu alicheka. Kwa maoni yangu kura ilipigwa dakika ile. Zile za baadaye zilikuwa za kukamilisha utaratibu.

Mwenyekiti akamwita mhusika aseme neno. Mzee akaacha baiskeli, akasogea hatua mbili tu.

"Ndugu zangu, nashukuru, lakini niacheni. Mkishanibandika pale, kila mtoto atakayefeli mtasema amefeli kwangu. Halafu mimi bado naishi hapa, napita na baiskeli hii kila siku. Nitapitaje mbele ya jina langu?"

"Utapita njia ya kisimani!" mtu akapaza sauti.

Alitaka pingamizi lake liandikwe, nikaliandika neno kwa neno. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ilinyooka mingi, hata ya watoto waliokuwa juu ya mti, wakafukuzwa. Mtendaji naye alinyoosha, wa mwisho, akiangalia pembeni.

Tukaingia ajenda ya tatu. Mwenyekiti hajamaliza kuisoma, mzee wa baiskeli alishasimama tena, safari hii hakuombwa. Mashimo ya wasichana yachimbwe kwanza, alisema, tena mbali na yale ya wavulana, na kila kaya ilete mtu na jembe Jumamosi asubuhi. Akataja kaya zilizokwepa kuchimba mara iliyopita, moja baada ya nyingine, mbele ya wenyewe, na alipofika kwa mtendaji hakuruka.