Bedford ya Ami

Mwaka 1996, msimu wa karafuu ulipokaribia, ami yangu aliamua kuifufua gari yake ya Bedford iliyolala miaka mitatu chini ya mwembe, kwetu Wete, Pemba. Bomba la moshi lilikuwa limeachwa wazi, na maji ya masika yakapita humo hadi ndani ya injini. Pistoni mbili kati ya sita zilishikwa na kutu, krenki, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni, haitikisiki. Mkononi ami alikuwa na shilingi 40,000.

Fundi alikuwa mzee wa Chake Chake, mpole, hapendi kuharakishwa. Alifungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, akazimiminia zile pistoni mbili mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akanawa mikono, akaenda zake. Alirudi siku ya nne. Akaweka kipande cha mti juu ya pistoni, akawa anagonga kidogo kidogo. Nilikuwa na miaka 15 na nilitamani anipe mimi hiyo nyundo.

"Taratibu, mwanangu. Ukiipasua hii, tutapata wapi nyengine?"

Siku ya sita krenki ikazunguka.

Gasketi ya hedi, ile ya kuziba isivuje, fundi hakukubali kuibahatisha. Iliagizwa mpya Unguja, ikaja kwa meli, ikala zaidi ya nusu ya pesa zetu. Vilivyobaki tulivitengeneza pale pale. Gasketi ya pampu ya maji aliikata kwa boksi gumu: alilitandaza juu ya pampu, akapita pembezoni akiligonga kwa nyundo ndogo, na ukingo wa chuma wenyewe ukalikata. Washa, vile vipete vya kuziba, za nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, za shaba nyekundu, aliniambia nizipange kwenye seredani. Zilipoiva nyekundu nilizitoa kwa plaizi, moja moja, nikazitumbukiza kwenye kopo la maji. Shaba ikibanwa muda mrefu hukakamaa, haizibi tena. Moto huirudishia ulaini. Niliibonyeza moja kwa ukucha, ikaacha alama. Mpaka leo naona ule ndio ufundi hasa.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutoa upepo kwenye njia ya dizeli. Mimi napiga pampu ya mkono, fundi kalegeza skrubu ya filta, likawa linatoka povu, povu, hata ikaja dizeli tupu bila kiputo.

Betri hatukuwa nayo. Majirani walikuja baada ya alasiri, tukaisukuma hadi kwenye mteremko, ami akatia gia ya pili, akaachia klachi. Ikakohoa moshi mweupe, ikasita. Silinda moja ikashika, ikafuata nyengine, kisha zote sita zikanguruma. Fundi alikuwa kasimama kando ya njia, kafumba macho, anasikiliza.

Ami hakuthubutu kuizima. Magharibi ikatukutia njiani, tukaswali kwa zamu, mmoja akibaki kwenye usukani. Niliposujudu, niliisikia ardhi ikitetemeka chini ya paji la uso wangu.