Kutoka Whitehorse hadi Dawson: kwenye njia ya filamu zilizozikwa Yukon

Barabara ya Klondike inatoka Whitehorse, katika eneo la Yukon huko kaskazini-magharibi mwa Kanada, kuelekea kaskazini, kilomita zipatazo 530 hadi Dawson. Nilijaza tangi mjini na kuongeza njiani, huko Carmacks, kwa kuwa vituo vya mafuta ni vichache na viko mbali kimoja na kingine. Yeyote anayeifuatilia historia ya sinema ya Kanada ningemshauri apite njia hii kabla ya kwenda kwenye hifadhi za filamu za Ottawa, maana ugumu wa njia yenyewe ndio uliookoa mamia ya mikanda ya filamu bubu iliyozikwa Dawson.

Enzi za filamu bubu hapakuwa na barabara hii. Filamu zilikuja kwa meli hadi Skagway, Alaska, zikapanda treni ya milimani ya White Pass hadi Whitehorse, kisha zikashuka Mto Yukon kwa meli za magurudumu ya makasia. Mbele kidogo ya Carmacks nilisimama kuangalia maporomoko ya Five Finger, mahali miamba minne inapoupasua mto kuwa mikondo mitano. Meli zilipita mkondo wa mashariki. Zikipanda kurudi Whitehorse zilivutwa kwa kebo. Mto ukiganda, hata hilo halikuwezekana.

Kwa hiyo filamu ilifika Dawson ikiwa imeshazunguka miji mingine yote, mara nyingi miaka miwili au mitatu baada ya kutoka. Gharama ya kuirudisha ilizidi thamani yake, na wasambazaji hawakuitaka tena. Benki iliyowawakilisha mjini ikairundika kwenye ghala la chini la maktaba ya Carnegie. Mikanda mingine ilitupwa mtoni, mingine ikachomwa.

Dawson ya leo ni mji mdogo wa barabara za vumbi na njia za mbao za waenda kwa miguu, kwa sababu chini yake ardhi imeganda mwaka mzima. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya ukumbi wa kamari wa Diamond Tooth Gerties. Hapo palikuwa na jengo la chama cha michezo, lenye bwawa la kuogelea ambalo wakati wa baridi lilifunikwa mbao na kugeuzwa uwanja wa hoki ya barafuni. Tatizo lilikuwa kwamba barafu ya juu ya bwawa haikulingana na ya pembeni. Mwaka 1929 mfanyakazi wa benki, Clifford Thomson, aliyekuwa pia mweka hazina wa chama cha hoki, alimaliza shida mbili kwa mpigo: bwawa likajazwa mikanda ya filamu, likafunikwa mbao na udongo, kisha maji yakamwagwa juu yagande.

Hapa lazima nieleze filamu hizo zilikuwa kitu gani. Ni mikanda ya milimita 35 iliyotengenezwa kwa selulosi nitreti. Mkanda wa futi 1,000 una picha 16,000. Ukionyeshwa kwa picha 16 kwa sekunde unachukua kama dakika 17. Nitreti ikiwaka hutoa oksijeni yake yenyewe, hivyo huendelea kuungua hata ndani ya maji. Isipowaka, huoza: picha hufifia na kuwa ya kahawia, mkanda hunata, hutoa mapovu, hugeuka donge, mwisho unga. Joto na unyevu huharakisha uozo huo, na mkanda mmoja unaooza huambukiza wa jirani kwa tindikali yake. Ndani ya ardhi iliyoganda mwenendo huo hupungua kasi mno.

Mwezi Julai 1978, eneo likiandaliwa kwa ujenzi mpya, mashine ya kuchimba iliyoendeshwa na mchungaji wa kanisa, Frank Barrett, ilifukua mikanda hiyo. Ilipatikana 533. Hatari ilianza hapo, si kabla: barafu ilipoyeyuka, maji yaliilainisha jelatini inayobeba picha, nayo ikaanza kubanduka kingoni. Ndiyo maana kwenye nakala zake utaona michirizi myeupe ikicheza pembeni mwa picha. Mikanda ikahamishiwa ghala la barafu huko Bear Creek, karibu na Dawson. Kampuni za usafiri ziliikataa kwa kuogopa moto, hadi ndege ya kijeshi ikaipeleka Ottawa, ambako ilisafishwa na kunakiliwa kwenye filamu isiyowaka kirahisi.

Nyingi ni za Marekani, na hilo linasema ukweli mzito: Wakanada walitazama zaidi kazi za jirani kuliko zao. Inauma zaidi ukizingatia kilichopotea. *Evangeline* ya 1913, filamu ndefu ya kwanza ya Kanada, iliyotengenezwa na kampuni ya Halifax, haipo tena. Na moto wa 1967 karibu na Montreal uliteketeza akiba kubwa ya nitreti.

Kwa hiyo ukifika Ottawa, agiza nakala mapema, na anza na filamu za habari. Tazama kila mkanda mpaka mwisho, kwani mmoja hubeba vipande vingi vifupi visivyohusiana. Ndani ya filamu ya habari ya British Canadian Pathé kutoka Dawson kulikuwa na fainali za besiboli za 1919, zile za kashfa ya kuuza mechi, na kipande hicho kilikuja kutambuliwa mwaka 2014.