Pambano la raundi 6: jinsi nilivyolifupisha hadi 3

Tatizo, katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ninaoutunga: zimwi moja dhidi ya wahusika wanne, na raundi ya 6 inafika wachezaji wameshachoka. Chanzo kimo kwenye hesabu. Ulinzi wa zimwi, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, ni 16; mshambuliaji anarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha 5, hivyo anahitaji 11 au zaidi. Nusu ya mashambulizi yanapotea. Dhara ni dadu ya pande 8 kujumlisha 3, wastani 7.5, yaani 3.75 kwa zamu. Wanne wanatoa 15 kwa raundi, na zimwi lina uhai 90, yaani linaanguka likishapata dhara ya 90.

Nilishusha ulinzi hadi 14 na uhai hadi 54. Sasa asilimia 60 ya mashambulizi yanafika, wanne wanatoa 18, raundi 3. Badilisha kitu kimoja kila jaribio, na mtunzi wa mchezo asiuendeshe mwenyewe wakati wa majaribio. Ataziba mapengo ya kanuni kwa mdomo bila kujijua.

Ila zimwi linaloishi nusu ya muda linadhuru nusu. Ukitaka kufidia, usiliwekee pigo moja la dadu mbili za pande 6 kujumlisha 4: linaweza kufika 16, na mchawi mwenye uhai 14 anaanguka kabla hajacheza. Acha zimwi lishambulie mara mbili, dadu moja kujumlisha 2 kila pigo, kwa watu wawili tofauti.

Mchawi naye alikuwa na uchawi mkubwa mara 3 kwa pambano. Katika raundi 3 akautumia kila zamu, mpiganaji akabaki mtazamaji. Sasa anapata mara 5 kwa siku nzima ya mapambano matatu.