Tepu inapopiga pasi: ya usiku huu kuhusu tapestat

Jumanne, usiku. Bekapu inaendelea, terminali iko wazi, na tapestat, programu ya Linux inayopima kazi ya draivu za tepu, inatoa mstari mmoja kila baada ya sekunde 10. Katika jamaa nzima ya sysstat, kifurushi cha zana za kupima utendaji wa seva, huyu ndiye mtoto asiyetajwa. iostat anajulikana na kila mtu, sar ana wapenzi wake, lakini tapestat hukumbukwa siku ile bekapu iliyozoea kuisha alfajiri inapoanza kuisha adhuhuri.

Moduli ya st, inayosema na draivu za tepu ndani ya Linux, ilianza kutoa hesabu zake katika kerneli 4.2 ya mwaka 2015. Shane Seymour ndiye aliyeandika toleo la kwanza la tapestat, na Sébastien Godard, mwenye sysstat, akaliingiza kwenye kifurushi chake. Kazi yake yenyewe ni ndogo sana. Kila draivu ina kabrasha lake, mfano /sys/class/scsi_tape/st0/stats, na ndani yake kila namba inakaa kwenye faili lake: read_cnt, write_cnt, write_byte_cnt, write_ns, io_ns, in_flight na wenzake. tapestat husoma mafaili hayo, husubiri, husoma tena, hutoa ya kwanza kwenye ya pili. Basi. Mafaili hayo yasipokuwepo itakujibu "No tape drives with statistics found", na hapo tatizo ni kerneli kuukuu au moduli ya st kutopakiwa. Kuisanikisha upya sysstat hakutasaidia kitu.

Amri ninayoipendekeza ni hii:

tapestat -y -t -m 10

Bila -y, taarifa ya kwanza ni wastani tangu seva iwashwe. Seva iliyowaka siku 40 na kuandika tepu saa 4 kwa usiku itakuonyesha kasi ya kobe, na wako waliokwisha fungua tiketi ya matengenezo kwa kusoma mstari huo mmoja. -t huweka saa, -m hugeuza kilobaiti kuwa megabaiti. Kuna pia -z, inayoficha draivu ambazo hazikufanya kitu katika kipindi hicho. Wengi wanaipenda kwa usafi wake, lakini wakati wa kutafuta ugonjwa iache. Draivu iliyokwama katikati ya kurudisha tepu mwanzo haijakamilisha amri yoyote, kwa hiyo -z inaiona kama haipo, na wewe unapoteza kwenye skrini kitu kilekile unachokitafuta.

Sasa namba zenyewe. Chukua draivu ya LTO-6, kizazi cha sita cha tepu za bekapu za LTO, ambayo kasi yake halisi, kabla ya ukandamizaji, ni MB 160 kwa sekunde. Ikienda mbio zake zote tapestat itaandika 152, na watu watauliza MB 8 zimeenda wapi. Hazijaenda popote. Mtengenezaji anahesabu megabaiti kwa milioni moja, tapestat anahesabu kwa 1024 mara 1024, halafu anakata desimali bila kukadiria juu: 152.58 inakuwa 152. Kinyume chake, ukiona 230 usishangilie wala usishangae. Kerneli inahesabu baiti zilizopelekwa kwenye draivu, na ukandamizaji unafanyika ndani ya draivu, baadaye. Maandishi na hifadhidata hubanwa vizuri. Video na mafaili ya zip hayabanwi.

Kasi peke yake haisemi mengi. Isome pamoja na %Wr, yaani sehemu ya muda iliyotumika kusubiri amri za kuandika zikamilike, kuanzia pale amri inapokabidhiwa kwa tabaka la SCSI hadi jibu linaporudi. Kasi ndogo na %Wr ndogo: draivu inakusubiri wewe. Diski ni nzito, mtandao umebanwa, au tar, programu inayokusanya mafaili kuwa mkondo mmoja, inahangaika na mafaili laki kadhaa ya kilobaiti mbili mbili. Kasi ndogo na %Wr kubwa: wewe ndiye unayeisubiri draivu, na hapo ndipo pa kushuku kichwa kichafu au kaseti iliyochoka, kwa sababu draivu ya LTO husoma kile ilichoandika papo hapo na kukiandika upya kikiwa na makosa. Ikitokea kwa kaseti zote, shuku kichwa. Ikitokea kwa kaseti moja, itenge hiyo. Kabla ya kuhukumu, soma TapeAlert, yaani tahadhari ambazo draivu inajiwekea, kwa sg_logs --page=0x2e kwenye /dev/sg ya draivu hiyo; bendera namba 20 ikiwa imewaka, draivu yenyewe inaomba kusafishwa.

Hali ya kwanza, ya kasi ndogo na %Wr ndogo, ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayodharauliwa. Draivu ya tepu haipendi kungoja. LTO hupunguza mwendo ili ilingane na data inayoingia, lakini kuna mwendo wa chini isioweza kuupita, karibu robo au theluthi ya kasi yake kamili kutegemea mtengenezaji. Chini ya hapo bafa, yaani kumbukumbu ya muda ndani ya draivu, inakauka, draivu inasimama, inarudi nyuma kidogo, inangoja bafa ijae, inaanza upya. Tepu inakwenda na kurudi juu ya kichwa kilekile kama pasi juu ya ukosi wa shati. Tepu inachakaa, na muda unapotea: kaseti ya TB 2.5 kwa MB 160 inajaa kwa saa 4 na dakika 20, lakini kwa wastani wa MB 40 ni zaidi ya saa 17.

Kwenye tapestat dalili ya upigaji pasi huu ni kasi iliyokaa chini ya mwendo huo huku %Wr ikiwa ndogo. Kuna pia mistari ambayo w/s, maandiko kwa sekunde, inashuka hadi sifuri, kisha inarudi na %Wr iliyopita 100. Asilimia zaidi ya mia huwatisha watu, ingawa maelezo yake ni mepesi: muda wa amri huingizwa kwenye hesabu amri inapokamilika, si inapoendelea. Ukitoa mt -f /dev/nst0 eod na tepu ikachukua sekunde 60 kufika mwisho wa data, kwa kipindi cha sekunde 10 utaona sifuri, sifuri, sifuri, halafu %Oa, sehemu ya muda wa kusubiri amri za aina zote, ya 600 hivi kwa mkupuo. Ukiweka kipindi cha sekunde 5 ingekuwa 1200, ila tapestat haiandiki zaidi ya 999. Kwa hiyo 999 isomwe "nyingi", isiingizwe kwenye wastani wowote. Ikionekana mara moja baada ya kaseti kuingia, ni kawaida. Ikionekana mara kwa mara katikati ya kuandika, kuna amri zinazokwama ndani ya draivu, ichunguze.

Namna ya kujua mwenye kosa, chanzo au draivu, ni kupima kila upande peke yake. Upande wa chanzo:

tar -b 512 -cf - /data | dd of=/dev/null bs=256k

Hiyo dd, programu ya kunakili data, kati ya tar na /dev/null si pambo. GNU tar ikigundua kwamba inaandika moja kwa moja /dev/null, hairuki tu kuandika, inaruka hata kusoma mafaili, na utapata kasi ya ajabu isiyo na maana. Upande wa draivu, tumia kaseti tupu, maana kilichomo kitafutika. Usitumie /dev/zero, sifuri zinabanwa hadi karibu kutoweka. Tengeneza data ya nasibu kwenye RAM:

dd if=/dev/urandom of=/dev/shm/nasibu bs=1M count=4096
for i in $(seq 10); do cat /dev/shm/nasibu; done | dd of=/dev/nst0 bs=256k iflag=fullblock

Hizo ni GB 40, dakika nne na nusu hivi kwa LTO-6. iflag=fullblock ni lazima: paipu hutoa vipande vifupi, na bila hiyo dd itaandika bloku za ukubwa wa ovyo. tapestat ikionyesha 150 na kitu huku %Wr ikipanda karibu na 100, draivu ni nzima, na %Wr hiyo kubwa ndiyo uitakayo. Kazi iliyobaki ni kwenye chanzo, na dawa ya kwanza ni bafa kubwa:

tar -b 512 -cf - /data | mbuffer -m 4G -P 90 -s 256k -f -o /dev/nst0

-P 90 inazuia kuandika hadi bafa ijae asilimia 90. Draivu itaandika kwa mbio ndefu, isimame kwa nadra. Chanzo hakitakuwa na kasi zaidi kwa hilo, ila pasi itapungua sana.

Ukubwa wa bloku, yaani kipande cha data kinachoandikwa kwa amri moja, unastahili neno lake. tar bila -b hutumia baiti 10,240, kwa hiyo MB 160 zinahitaji maandiko 15,625 kwa sekunde. Kwa bloku ya KB 256 ni 610 tu. Gawanya MB_wrtn/s kwa w/s na utajua programu ya bekapu inatumia bloku gani, hata kama menyu yake haisemi. Wakati wa kurejesha, bafa ya kusoma ikiwa ndogo kuliko bloku iliyoko kwenye tepu utapata "Cannot allocate memory", na watu huongeza RAM bure. Ikiwa kubwa kuliko bloku, usomaji unafaulu ila Rs/s, yaani amri kwa sekunde zilizorudi na kiasi kisichotimia, inapanda. Rs/s inayolingana na r/s (masomo kwa sekunde) si hitilafu, ni ukubwa uliokosewa.

Ot/s ni idadi kwa sekunde ya amri zisizo za kusoma wala kuandika data: kurudisha mwanzo, kusogea, kuandika alama ya faili. Ikikaa juu wakati wa bekapu, programu inaweka alama za faili mara nyingi mno, na kwa kawaida kila alama inailazimu draivu kumwaga bafa yake kwanza.

Mipaka yake: tapestat huona tu kinachopita kwenye st. Programu ikitumia /dev/sg, au draivu ikiendeshwa na lin_tape, moduli ya IBM yenyewe, draivu itakuwa inaunguruma kwenye raki bila tapestat kuonyesha kazi hiyo. Majina st0 na st1 nayo huweza kubadilishana baada ya kuwasha upya, basi yalinganishe na namba za utambulisho (serial) kwa ls -l /dev/tape/by-id kabla ya kuchomoa draivu yoyote. Na sar haihifadhi takwimu za tepu, kwa hiyo kumbukumbu jiwekee mwenyewe:

S_TIME_FORMAT=ISO stdbuf -oL tapestat -y -t 60 >> /var/log/tapestat.log

Kipindi cha sekunde 60 kinafaa kwa kumbukumbu ya miezi, lakini kinaficha mishuko ya muda mfupi. Kwa kuchunguza rudi kwenye 5 au 10.