Nilivyopata Kibali cha Kamera ya Kugundua Uvujaji wa Gesi

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ndio ulionichelewesha: peleka vyeti vya mtengenezaji, lipa ada, kisha subiri. Nilivipeleka, na jalada likarudi na swali lililoandikwa kwa kalamu pambizoni: je, kamera hii huiona gesi katika joto la Unguja? Swali hilo lilikuwa la haki, na inaniudhi mpaka leo kwamba wauzaji wa vifaa hivi hawalitaji kabisa.

Propani na butani, ambazo ndizo gesi ya kupikia, hufyonza mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, kama ifanyavyo gesi ya methani, na kamera huonesha wingu la gesi pale tu panapokuwa na tofauti ya joto kati ya gesi hiyo na kilicho nyuma yake. Katika ghala letu la gesi ya kupikia, ukuta ulio kivulini huwa na joto lilelile la hewa, kwa hiyo gesi inaweza kuvuja mbele yake na kioo cha kamera kisioneshe chochote. Cheti cha maabara ya ng'ambo hakijibu jambo hilo.

Nilianza kusoma kanuni za Marekani za mwaka 2016, zinazotaka kamera iweze kuonesha mchanganyiko wa nusu methani na nusu propani, wa sehemu 10,000 kwa milioni, unaotoka kwenye tundu la robo inchi kwa kasi isiyozidi gramu 60 kwa saa. Zile za mwaka 2024 zimefungua njia hata kwa ndege na setilaiti, lakini kinachoidhinishwa ni mbinu nzima ya upimaji pamoja na mipaka yake. Hapo nikajua cha kuomba: kibali cha mbinu nzima iliyojaribiwa hapahapa, si cha kamera peke yake.

Kwa jaribio hilo tuliweka mtungi mdogo wa gesi juu ya mizani inayosoma gramu, mahali pa wazi palipo mbali na moto, tukajua kasi ya uvujaji kwa uzito uliopungua. Gesi tuliipitisha kwenye mpira mrefu ili ipate joto la hewa kabla ya kutoka, kwa sababu gesi baridi huonekana kwa urahisi na matokeo yangekuwa ya kujipendelea. Mkaguzi mwenyewe alikaa nyuma ya turubai, akifungua na kufunga valvu apendavyo na kuandika katika daftari lake, nami nikiandika katika langu.

"Haya, fundi, ipo au haipo?"

"Ipo, Maalim."

Mbele ya ukuta wa kivulini madaftari yetu hayakulingana hata kidogo. Tulipoegemeza mabati yaliyopigwa jua nyuma ya tundu, wingu lilijitokeza waziwazi na majibu yakaafikiana karibu yote, mpaka upepo wa kusi ulipozidi na kuitawanya gesi. Matokeo mabaya niliyaambatisha pia, ingawa wenzangu walinisihi niyaache, na ninaamini hayo ndiyo yaliyolipatia jalada uzito. Gharama zote, pamoja na kukodi mizani, hazikufikia hata sehemu ndogo ya bei ya kamera.

Kibali kilitoka kikitaja umbali wa kupigia picha, kikomo cha upepo na ulazima wa mabati, na viungo vya mabomba visivyofikiwa na jua hupimwa kwa povu la sabuni. Kila asubuhi kamera huhakikiwa kwanza kwa mtungi na mizani, na ukaguzi wa siku usio na rekodi hiyo hauhesabiki.