Nilivyoiweka sawa bajeti ya nyumba hapa Leicester

Nina miaka saba Uingereza, niko Leicester, kazi yangu ni kuhudumia wazee na nina watoto wawili nawalea peke yangu. Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye mshahara unaingia tarehe 28 na tarehe 12 ikifika anahesabu sarafu, maana mimi nimekuwa huyo mtu na usiku nilikuwa silali.

Kilichonifungua macho ni gesi. Nyumba yangu ina mita za kulipia kabla, umeme una ufunguo wake na gesi ina kadi, unaenda dukani unaongeza hela, sasa mimi kichwani nikajua hii ni kama LUKU tu, ule umeme wetu wa kulipia kabla kule Tanzania, usipotumia hailiki. Jiko langu ni la umeme, shawa ya umeme, gesi ni ya hita peke yake, basi Aprili ikifika nazima na sitii hata paundi moja mpaka baridi irudi, nikawa najiona nimebana matumizi kweli kweli. Oktoba 2022, mwaka ule ambao bei za nishati zilipanda vibaya mno baada ya vita vya Ukraine kuanza, nikachaji kadi paundi 20, nikairudisha kwenye mita, kimya. Kioo kinaonyesha bado nadaiwa, na mtoto wangu mdogo kavaa koti ndani ananiuliza mama mbona haiwaki.

Nikarudi dukani. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, yeye katokea Mwanza, hapa Leicester Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki ni wengi sana wakiwemo wale Amin aliowafukuza Uganda mwaka 1972, na Kiswahili bado anacho safi. Akaniambia, "Binti yangu, hiyo mita ina ada ya kila siku. Uwashe usiwashe, inahesabu." Akageuza risiti akapiga hesabu kwa kalamu, peni 30 na kitu kwa siku, mara siku 180 nilizozima, zaidi ya paundi 50. Yaani kiangazi chote deni lilikuwa linapanda polepole na mimi nimetulia. Nikamwambia asante mzee, nikatoa paundi 40 ya chakula cha wiki nikaweka gesi.

Usiku ule nikachukua daftari la mtoto nikaandika kila kinachotoka nyumbani, ila sikuandika kwa mwezi, niliandika kwa siku. Kodi ya nyumba kwa siku shilingi ngapi, nauli ya basi, intaneti, kila kitu. Hapo ndipo nikaona vitu viwili vitatu. Kodi ya kaunsili, yaani ile ya halmashauri ya mji, nilikuwa nalipa nzima wakati mtu mzima akiwa mmoja ndani ya nyumba anapunguziwa robo, nilipiga simu tu wakanirekebishia. Halafu kodi hiyohiyo kwangu inakatwa miezi kumi, Februari na Machi haikatwi, zamani hizo hela zilikuwa zinapotea sijui hata zimeenda wapi, sasa hivi nazitoa siku ileile ya mshahara naweka pembeni kwa ajili ya sare za shule na viatu. Na gesi naweka paundi 3 kila wiki hata jua likiwaka.

Jamani na barua zifungueni. Baridi ile serikali ilitoa paundi 400 kwa kila nyumba, sisi wenye mita za zamani tukawa tunaletewa vocha kwa posta kila mwezi, ya paundi 66 au 67, na zina mwisho wake. Jirani yangu Mkongo alikuwa na mbili ndani ya droo hajazifungua, alidhani matangazo.

Chakula sina siri kubwa, maharage nanunua makavu, nikitoka shifti saa mbili usiku napita supamaketi kuangalia vyenye kibandiko cha njano, vile vilivyopunguzwa bei, mkate naweka friza.

Kigumu kilikuwa nyumbani Tanga. Nilikuwa natuma kila nikipigiwa, leo 30, kesho 80. Nikamrekodia mama sauti, shikamoo mama, nikamweleza mpaka habari ya mtoto na koti, nikamwambia nitatuma paundi 50 kila mwezi bila kukosa na ya ugonjwa naweka kwenye mchezo wetu, yaani upatu, wa wanawake sita hapa. Niliogopa sana kuituma ile sauti. Akanijibu, "Mwanangu, mbona hukusema? Mimi nilijua huko mnayo." Akalia, na mimi nikalia.

Oktoba iliyofuata nilibonyeza swichi, mabomba yakaanza kugongagonga maji ya moto yakipita, mdogo akakimbia kuanika soksi zake juu ya hita.