Nilivyotafuta chanzo cha mtetemo kwenye pampu ya zimamoto, Paje

Hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja zimeezekwa makuti. Kusi likivuma, cheche moja inatosha kuteketeza paa zima kabla gari la zimamoto halijafika. Ndiyo maana pampu ya zimamoto naiheshimu kuliko mashine nyingine yoyote hotelini, hasa ile ya dizeli, maana umeme ukikatika ndiyo tegemeo.

Hii ya Paje ina injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3000 kwa dakika, imeungwa na pampu kwa kapolingi ya raba, yaani kiungo cha shafti mbili chenye raba katikati. Kila wiki huwashwa nusu saa kwa majaribio. Msimamizi aliponiita alishakata shauri: "Fundi, beringi za pampu zimekufa. Mpya zishaagizwa Dar."

Nikaomba kwanza daftari la majaribio. Kijana anayeiendesha ni makini, ameandika kila wiki: inatikisika kidogo, imezidi, imezidi tena. Lakini hakuna mahali alipotaja kelele wala joto kwenye nyumba ya beringi, na beringi inayokufa aghalabu huleta kimojawapo. Nilipofungua kava la kapolingi nikakuta vumbi jeusi limetapakaa chini. Raba ilikuwa inasagika. Nikajua hapo shafti mbili, ya injini na ya pampu, haziko mstari mmoja na zinavutana.

Kujua hivyo hakutoshi. Dizeli hutikisika hata ikiwa nzima, na ya silinda 4 inachanganya zaidi. Katika kila mzunguko silinda mbili huwaka, kwa hiyo kwa mwendo ule mtetemo wake wa kawaida huja mara 100 kwa sekunde. Shafti zisizo mstari mmoja nazo mara nyingi hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani 100 ileile. Kipimo peke yake hakikuambii nani mwenye kosa, lazima utenganishe.

Nilianza na injini. Ikiwa inaunguruma, nililegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya moja, ili silinda moja moja ikose dizeli, na kila mara mwendo ulishuka kwa kiasi kilekile, maana yake silinda zote zinafanya kazi. (Hii ni injini ya nozeli za kizamani. Kwenye komonreli, mfumo wa kisasa wenye bomba moja la presha kubwa kwa nozeli zote, usithubutu: dizeli ya presha ile hupenya ngozi.) Kisha nikaizima, nikatoa swichi kwenye oto na kufungua betri zote mbili, kwa sababu pampu hii hujiwasha presha ikishuka, na mikono yangu ingekuwa kwenye kapolingi. Meneja akaweka walinzi wa kuzunguka mabanda muda wote ule. Nilipotoa raba, nikarudisha betri na kuiwasha injini peke yake, ilitulia kabisa.

Basi kosa liko kwenye kuungana kwao. Betri zikafunguliwa tena. Nikafunga geji ya saa, kipimo cha sindano kinachoonyesha chuma kikisogea hata kidogo, kwenye msingi, ncha yake ikagusa kapolingi upande wa pampu, kisha nikafunga valvu, nikamwaga maji ya kipande kile cha bomba na kulegeza boluti za flenji (sahani inayounga bomba na pampu) ya kutolea maji. Sindano ikasogea mara moja, mbali kupita 0.05 milimita ninayoichukua kuwa mwisho wa kuvumilika. Bomba lilikuwa linaivuta pampu.

Nikalifuata bomba kwa macho hadi ukutani. Chuma cha kulishikilia kilikuwa kimepakwa rangi vizuri, lakini nilipokigonga nyundo kikabomoka: chumvi ya bahari imekila ndani. Bomba la inchi 6 hubeba takriban kilo 18 za maji kwa kila mita, achilia mbali uzito wa chuma chenyewe, na mzigo wote ulikuwa umehamia kwenye shingo ya pampu. Kadiri chuma kilivyolegea, ndivyo mtetemo ulivyozidi, kama daftari lilivyosema.

Tukajenga nguzo ya zege chini ya bomba, flenji zikakutana bila kulazimishwa. Nikapanga shafti mstari mmoja, nikaweka raba mpya. Baada ya nusu saa ya kazi nikaizima, betri zikafunguliwa, nikapima tena ikiwa moto, kwa kuwa injini hupanda kidogo ikipata joto. Beringi za Dar zimewekwa stoo. Sasa tunagonga vishikio vingine vyote vya bomba lile, maana vilifungwa siku moja na kile kilichobomoka.